Hodi ya Tarakimu Sita

Hukuvunja mlango. Hilo nalikubali.
Ulibisha hodi, tena kwa adabu,
saa tisa alasiri, hapa Mabela,
Ramadhani, chungu kumi na saba,
mkono wangu wa kulia umo ndani ya unga,
wa kushoto umeshika simu.

Akaunti yako itafungwa kesho, ukaniandikia.
Umetumia picha isiyo yako.
Picha gani? Vitumbua vyangu?
Nimevipiga mwenyewe huko roshani,
Sleyum kanikingia jua kwa shuka.
Lakini funga hukausha akili pamoja na koo.
Ukaniomba tarakimu sita.
Nikakusomea moja moja,
kama ninayemhesabia mgeni vidato gizani
asije akajikwaa.
Nikakwambia, karibu.

Wafuasi elfu kumi na moja, miaka sita.
Sikuwaokota. Wauguzi wa zamu ya usiku,
vijana wa bandarini Sohar,
na bibi mmoja wa Nizwa
aliyeondoka Wete ana miaka tisa:
akipata mkate wangu wa kumimina hunipigia,
hasemi kitu,
anatafuna tu.

Kufika magharibi, jina ni langu,
shela la kijani ni langu,
mdomo ni wako.
Ukawauzia sarafu zisizoshikika:
Mpendwa mteja, weka riali hamsini,
kesho uvune mia tano.

Mpendwa mteja!
Mimi sijapata kumwita mtu mteja.
Mimi husema, mwanangu wee.
Husema, umepotea, nani kakuudhi?
Inshallah yangu ina l tatu,
na mbele ya kila bei nimezoea kuweka kijiko.
Shangazi Ghania, asiyejua hata kuzima data,
alisoma mstari mmoja, akavua miwani:
"Huyu si Rayya.
Huyu hajawahi kukaanga kitu."

Thuwaiba wa Barka hakusoma kwa sikio.
Alituma hamsini, za nguo za sikukuu za mapacha.
Nilipomrudishia alikataa,
nikazificha kwenye boksi la sambusa, chini ya karatasi.
Andika hizo kwenye hesabu yako.
Andika na siku kumi na moja
za kushika kitambulisho kando ya shavu,
geuka kushoto, tazama juu,
kama mfungwa,
mpaka mashine ya nchi nisiyoijua
ikakiri kuwa mimi ni mimi.

Nenosiri la zamani lilikuwa jina la binti yangu
na mwaka aliozaliwa.
Mwenyewe alinicheka hadi akakaa chini:
"Mama, hilo liliandikwa kwenye keki.
Na keki uliiweka mtandaoni."

Sasa pana makomeo mawili.
La pili ni tarakimu zinazozaliwa na kufa
kabla kitumbua hakijageuzwa,
wala simsomei mtu,
hata akiwa na sauti ya benki.
Yule kijana wa matangazo
aliyehamia Doha na ufunguo mfukoni, miaka mitatu,
bila mtu kumdai,
nimemfuta, nikamwombea heri.
Barua pepe nayo ina kufuli lake.
Funguo za akiba zimo kwenye kopo.
Kopo gani, usiniulize.

Na nenosiri jipya ni sentensi nzima
aliyokuwa akiisema mama yangu akigeuza chapati,
pamoja na kosa lake la sarufi.
Haimo katika kamusi yoyote.
Tunaijua wawili,
na mmoja amelala makaburini.
Kila nikiiandika alfajiri
vidole vinamtaja yeye
kabla ya bei ya kwanza.

Jana umerudi. Mpendwa mteja, akaunti yako...
Nilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko.
Kwetu hodi ni mara tatu,
asiyeitikiwa hurudi alikotoka.
Hiyo yako ilikuwa ya nne.
Sikuijibu.
Mafuta yalikuwa yameshapata moto.